Jina Kamili na Anwani

Wilfred Ormerod hakuwa na gari. Hakuwa na mke, wala hakuwahi kuwa naye. Hakuwa na meno mawili ya juu upande wa kushoto, aliyoyaacha uwanjani kwa teke la beki wa timu ya kiwanda, mwaka uleule kiwanda chenyewe kilipofungwa. Hakuwa na chama cha siasa, kwa sababu vyote viwili alivyowahi kuviamini vilimuudhi. Hakuwa na shahada, ingawa alisoma shule ya usiku majira sita ya baridi mfululizo na aliandika barua nzuri kuliko wengi wenye shahada. Na Jumamosi ile ya Oktoba, ilipofika zamu yake kwenye foleni ya chakula wakati wa mapumziko ya mechi, chini ya Jukwaa la Mashariki, hakuwa na pai.

"Ya mwisho kaichukua huyu bibie," muuzaji alisema huku akifuta meza.

Bibie mwenyewe aligeuka. Alivaa koti la rangi ya haradali, midomo ameipaka nyekundu, nywele za kijivu amezikata fupi, na shingoni alijizungushia skafu ya timu ya Thornshaw ya kijani na nyeusi, iliyofumwa kwa mkono na kupauka kama mkeka wa mlangoni.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Nimepanga foleni kama watu."

"Sikutazami wewe. Naitazama pai."

"Basi itazame vizuri uiage."

Wilf alirudi kitini na kikombe cha mchuzi moto wa nyama, njaa na hasira vikigombea nafasi tumboni. Safu ya K, kiti namba 42. Kiti namba 41 kwa miaka mingi kilikuwa cha mzee Clegg, fundi mwashi, aliyefariki Agosti. Sasa kilikaliwa na koti la haradali.

"Hicho ni kiti cha mtu," Wilf alisema.

"Cha baba yangu. Kaniachia kiti, skafu, na ugonjwa huu." Alionyesha uwanja kwa kidevu. Thornshaw walikuwa wamefungwa mawili tayari. "Naitwa Glenys. Wewe ni Ormerod. Baba alisema husemi kitu chema juu ya mtu yeyote."

"Baba yako nilimsema vyema."

Glenys aliikata pai katikati kwa uma wa mbao, akamsogezea nusu. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza.

Kipindi cha pili walifungwa mengine mawili. Kocha mpya, Dominic Farrant, alisimama kando ya mstari na viatu vyeupe, akiwaashiria walinzi wake wapigiane pasi ndogondogo mbele ya goli lao wenyewe, kama watu wanaopokezana chungu cha moto.

"Anaiita kazi yake mradi," Wilf alisema. "Kocha anayesema mradi ni sawa na waziri anayesema mageuzi. Maana yake usimuulize kitu mpaka mwakani."

"Mpe muda."

"Muda? Wote wanaomba muda. Buti zangu hizi nilizinunua mara moja tu, na zimeona mawaziri wakuu watano. Angalau kocha ana adabu ya kufukuzika. Kocha akikosea, Jumatatu hayupo. Mwanasiasa akikosea, tunamngoja miaka mitano, kisha anatuomba mitano mingine amalizie kukosea."

Glenys alicheka hadi mtu wa safu ya mbele akageuka. "Hiyo ni nzuri. Lakini usiiseme mbele ya bosi wangu."

"Bosi wako nani?"

"Diwani Pickup."

Wilf aliacha kutafuna. Rodney Pickup alikuwa akigombea ubunge katika uchaguzi mdogo wa Novemba. Chama chake sina haja ya kukitaja, maana mwaka ule wagombea wote waliahidi hospitali ileile. Uso wake ulikuwa kwenye kila nguzo ya taa, amevaa skafu ya Thornshaw.

"Usinune," Glenys alisema. "Mimi napiga chapa na kupokea simu. Kura yangu ni yangu."

Wiki iliyofuata Glenys alimpigia. Simu ya kwanza ilikuwa juu ya ratiba ya mechi. Ya pili haikuwa na sababu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Kwa nini unaniita kipenzi?"

"Namwita hivyo hata muuza samaki."

"Basi mimi nitafutie jina jingine."

"Nitakuita mzee wa kununa."

"Hilo afadhali," alisema Wilf, akatabasamu peke yake jikoni hadi birika likakauka.

Walikwenda pamoja kula samaki na chipsi kando ya mfereji. Wilf alifunga tai, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka mingi. Alimfutia benchi mvua kwa leso yake. Glenys alimwambia mambo ambayo hakuwa amemwambia mtu: kwamba ameachika mara moja, na kwamba hakupenda kulala chumba kisicho na redio.

Kisha likatoka gazeti la Jumatano. Wilf alilisoma akiwa amekaa kwa kinyozi, shuka shingoni. Hotuba ya Diwani Pickup ukurasa wa tatu, na katikati yake, kwa herufi nene: "Kocha akikosea, Jumatatu hayupo. Mwanasiasa akikosea, tunamngoja miaka mitano, kisha anatuomba mitano mingine amalizie kukosea." Gazeti lilisema watu walipiga makofi dakika nzima.

Wilf aliinuka kichwa nusu kimenyolewa, akalipa, akaenda zake. Hakumpigia Glenys kumuuliza. Mtu mwingine angeuliza. Yeye alikwisha kukata hukumu: mwanamke alimpa nusu ya pai, akayanunua maneno yake, akayapeleka kwa bosi. Simu yake ililia Alhamisi, ikalia Ijumaa. Aliitazama tu.

Jumamosi hakwenda kiti namba 42. Alisimama nyuma ya goli. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, wamefungwa tena, akaipigia simu redio ya mji, kile kipindi ambamo mashabiki humwaga nyongo baada ya mechi. Mtangazaji wake, Bev Tattersall, alimjua kama anavyojulikana mgonjwa wa kila wiki.

"Wilf, leo kocha kakosea nini?"

"Leo sina habari na kocha. Nataka kumzungumzia mwizi wa maneno. Ile hotuba ya Pickup ni yangu, neno kwa neno. Nilimwambia mtu mmoja tu. Mwanamke wa koti la haradali anayekaa ofisini kwake, anayejifanya shabiki ili achote maneno midomoni mwa watu. Nataka mji umjue."



"Wilf," Bev alisema taratibu, "uliyasema hapahapa. Siku ile ya manne bila. Tumeyarudia asubuhi tatu mfululizo, watu waliyapenda mno. Ngoja nikuwekee."

Na mji mzima ukasikia sauti ya Wilfred Ormerod, mvua ikipiga paa la kituo cha basi nyuma yake, akitukana viatu vyeupe, kisha akisema yale maneno. Alikuwa ameyasema robo saa tu baada ya kuagana na Glenys, kwa sababu yalimpendeza. Hakuyakumbuka. Anayepiga simu kila Jumamosi na moyo unaovuja damu hakumbuki aliyoyasema, kama vile hakumbuki alivyomwita mwamuzi. Pickup aliyasikia garini, kama kila mtu.

Jambo lingeishia kwenye kicheko. Lakini Pickup, alipoulizwa na gazeti, hakusema ameyasikia redioni. Alisema hotuba iliandaliwa na karani ambaye hakumtajia chanzo, na kwamba karani huyo hayupo tena ofisini kwake.

Mechi iliyofuata, Wilf alirudi safu ya K na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Glenys alikuwa amekwisha kaa. Mapajani mwake mlikuwa na pai nzima. Aliila dakika zote kumi na tano za mapumziko, kipande kwa kipande, bila kugeuza shingo, akipuliza kila kipande kipoe. Wilf alinusa harufu ya pilipili manga na nyama, wala hakuthubutu kumeza mate. Alipomaliza, alikunja karatasi mara nne.

"Miaka kumi na mmoja," alisema akitazama uwanja. "Aliniondoa Jumatatu kabla ya chai. Muuza samaki kaniuliza kama ni kweli nachota maneno midomoni mwa watu. Muuza samaki, Wilfred."

"Glenys, mimi..."

"Ungeuliza. Simu ililia siku mbili. Ungeuliza tu."

Akainuka, akashuka ngazi, koti la haradali likamezwa na umati. Thornshaw siku hiyo walishinda, mara ya kwanza chini ya Farrant. Wilf hakuliona goli.

Mechi iliyofuata ilikuwa Jumanne, na kiti namba 41 kilikuwa kitupu. Alimpigia; akasikia, "Nani?" akasema, "Mimi," ikakatwa. Aliketi mbele ya karatasi, yeye aliyejua kuandika barua, akachana nne. Ndipo akaelewa kwamba aliyevunja kitu sokoni hawezi kukiunganisha chumbani. Jumamosi akaipigia simu redio.

"Wilf. Kocha?"

"Hapana, Bev. Nilimwita mtu mwizi hapa. Hakuiba kitu. Mwizi wa kumbukumbu yangu ni mimi mwenyewe. Anaitwa Glenys Clegg, binti wa fundi Clegg aliyejenga jukwaa tunalokalia, na hajawahi kuniambia neno la uongo. Nilikosea mimi. Sina 'lakini'."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Glenys alikuwa akipiga pasi, redio juu ya jokofu. Aliunguza kola ya blauzi. Nusu saa baadaye simu ya Wilf ikalia.

"Ormerod."

"Glenys."

"Usiniite kwa sauti hiyo ya msibani, bado nina hasira." Alivuta pumzi. "Msamaha wako nimeusikia. Mji mzima umeusikia. Wewe umelipa. Amebaki Pickup."

"Unataka nini?"

"Nataka alipe. Uchaguzi ni Alhamisi, siku tano baada ya Jumamosi ijayo. Gazeti linatoka Jumatano. Ulinifukuzisha kazi kwa maneno yako, sasa yafanyie kazi. Mimi nitaleta ukweli, wewe utaleta sentensi."

"Njoo Jumamosi asubuhi," alisema Wilf. "Nitapiga deki."

Alikuja saa tatu, koti la haradali, midomo myekundu, folda kwapani. Wilf alivaa shati lililonyooshwa na tai ile. Meza ya jikoni ilisafishwa. Karatasi, kalamu, chai nzito.

"Anza na mwongo," Glenys alisema. "Andika: Rodney Pickup ni mwongo."

"Siandiki mwongo. Ukimwita mwongo, atajitetea wiki nzima. Andika alichofanya, msomaji atamwita mwenyewe. Hilo nilifundishwa shule ya usiku na mama mmoja aliyekuwa na masharubu."

"Ukatili wako una elimu."

"Nipe ukweli."

Alifungua folda. Kulikuwa na karatasi ya kampeni, ile iliyotupwa kwenye kila mlango. Pickup alieleza jinsi alivyokuwa akisimama Jukwaa la Mashariki na babu yake, akiwa na miaka saba.

Wilf aliisoma mara mbili. Uso wake ulichanua polepole.

"Ana umri gani huyu?"

"Hamsini na nne."

"Jukwaa la Mashariki halikuwepo."

"Palikuwa na yadi ya makaa. Baba alianza kupanga matofali mimi nikiwa nimekwisha olewa. Nilimwambia nilipokuwa naipiga chapa. Akanijibu, 'Hakuna atakayejali, Glenys.'"

Wilf aliweka kikombe chini kwa upole, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha thamani. Katika mji wetu mtu anaweza kusamehewa kodi na hospitali. Hawezi kusamehewa kusimama na babu yake juu ya lundo la makaa.

Aliandika saa moja na nusu. Glenys alikata maneno mawili, akaongeza tarehe ya jukwaa kufunguliwa. Sehemu ya mwisho Wilf aliisoma kwa sauti:

"'Nimemtukana kocha Farrant kila Jumamosi, na nitaendelea, kwa kuwa viatu vyake bado vyeupe. Lakini alipofungwa manne alitoka mbele yetu akasema kosa ni lake. Diwani Pickup alipoulizwa, alimtupia kosa mwanamke aliyemtumikia miaka kumi na mmoja, aliyemwonya, na ambaye baba yake alilijenga jukwaa ambalo Diwani anadai alisimama humo pakiwa bado yadi ya makaa. Kocha tunaweza kumwondoa Jumatatu. Diwani tunaye Alhamisi.'"

Glenys alichukua leso akafuta chini ya jicho moja, kisha la pili.

"Itamuuma?"

"Itamuuma mpaka kaburini."

"Vizuri. Nipe kalamu, nami natia sahihi."

Gazeti letu halichapi barua isiyo na jina kamili na anwani ya mwandishi. Anwani halichapi, ila linataka iwe ya kweli. Wilf aliandika jina lake. Glenys akaandika lake chini yake, kisha kalamu ikasimama.

"Mstari wa anwani ni mmoja," alisema. "Tuandike ipi?"

Wilf alitazama sakafu aliyoipiga deki.

"Andika hii."

"Hii ni yako."

"Ina vyumba viwili. Naweza kuweka redio chumbani." Alikohoa. "Wanataka iwe ya kweli, Glenys. Sitaki barua yetu ya kwanza iwe na uongo."

Alimtazama kwa muda mrefu mzee huyu asiye na meno mawili.

"Hiyo ndiyo posa, Ormerod?"

"Ndiyo."

"Wengine hupiga magoti."

"Nikipiga magoti, gari la posta litapita kabla sijainuka. Linachukua barua saa sita."

Glenys aliinama juu ya karatasi akaandika: 17, Mtaa wa Tenter. Aliandika taratibu, nambari kwanza, kisha mtaa. Akaikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Midomo yake iliacha alama nyekundu ukingoni. Wilf alibandika stempu, akampa mkono, wakateremka hadi kwenye sanduku jekundu la kona, wakati gari la posta likiingia mtaani, na wakaitia pamoja.