Maji ya Muanda Yalipogeuka

Élise ndiye aliyeona kwanza kwamba mtumbwi haupo. Alisimama kwenye ulimi wa mchanga, bahari mbele yake, mikoko nyuma, akitafuta mahali walipoteremkia asubuhi. Pale pote sasa palikuwa maji.

“Tonton, ulifunga pirogue?”

“Kufunga ya nini? Niliivuta inje, mbali na mayi.”

Na kweli aliuvuta, hatua tatu nzima, kama wanavyofanya kwao Yanonge, ambako mto ukitaka kupanda huchukua siku na wiki. Tonton Timothée, mjomba wake, alikuwa amevua samaki kwenye mto Kongo miaka arobaini. Walitoka Kisangani kuja harusi ya ndugu huku Muanda, na kesho yake wakaenda kutembelea hifadhi ya mikoko. Mlinzi alipotaka kuwapa mtu wa kuwaongoza, tonton alicheka mpaka akakohoa. Yeye aongozwe majini? Élise, muuguzi wa mjini ambaye mtoni huishia magotini, alipanda mtumbwi nyuma yake. Nani angembishia?

Maji yalizidi kupanda. Yalikula mchanga chini ya nyayo zao, wakakimbilia kwenye mikoko, na huko tope likawameza hadi mapajani. Tonton, aliyekuwa peku, aliteleza, na chaza walioganda kwenye mizizi wakampasua wayo. Élise alivua kitambaa chake cha kichwa akafunga jeraha. Aliogopa, aliogopa kweli, na hakuona haya. Kiu ilipowabana, tonton aliteka maji kwa kiganja, akayatema hapo hapo.

“Chumvi,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Kufikia saa nane mchana maji yalikuwa kifuani, nao wamekumbatia mzizi mmoja. Halafu yakatulia. Yakageuka, yakaanza kukimbilia upande wa pili kwa nguvu. Uso wa tonton ukachangamka.

“Bon. Sasa iko nashuka. Tuachilie, tulale juu yake, itatupeleka. Huko chini hakukose village.”

“Tonton, huko chini iko mer, bahari tupu.”

“Sikiya. Nani iko mutu wa mayi hapa?”

Mzee huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, na Élise hakuwahi kumkatalia neno. Akatazama maji. Lilipita gogo, nene kuliko ule mtumbwi. Alilifuata kwa macho: lilikwenda taratibu hadi mdomo wa mkondo, likagusa mawimbi meupe, likasimama wima, likapotea. Alingoja liibuke, halikuibuka.

Tonton alikuwa ameshaachilia mkono mmoja.

Élise akamdaka mkanda. Mkono wake wa pili akaupitisha katikati ya mizizi, chaza wakimchana kuanzia kiwiko, akang’ang’ana.

“Achilia.”

“Siachilie. Miye siende, na weye hauende.”

Tonton alimwamuru kama mtoto. Kisha akambembeleza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amjue, akaanza kulia, na Élise naye akalia, kwa maana tonton akilia basi hali ni mbaya. Mkono ulikufa ganzi. Kila maji yalipovuta, alijua kwamba safari hii wanakwenda.

Yakashuka hadi kiunoni. Yakashuka hadi magotini. Jua lilikuwa limeinama wakati mlinzi alipowafikia na boti ya injini, amekasirika na ameogopa kwa pamoja. Aliwapa maji matamu, na Élise akanywa mpaka tumbo likamuuma. Mlinzi akawaambia kwa Kifaransa kwamba wavuvi wameuona mtumbwi wao nje baharini, nje kabisa, umevunjika vipande viwili.

Tonton aliuchukua mkono wa Élise akautazama wote, tope na damu, kutoka kiwiko hadi kiganja.

“Nilikuwa karibu kukuua, mutoto yangu,” akasema, mbele ya mgeni, bila kushusha sauti.

Siku nyingine yoyote Élise angemwambia hapana, usiseme hivyo, yamekwisha. Lakini meno yake bado yalikuwa yanagongana.

“Ndiyo, tonton,” akasema.