Mwanamke Aliyeipisha Pikipiki

Mwili wa Emmanuel, bwana shamba wa Kisondela, ulionwa Ijumaa saa nne asubuhi na wanawake wawili waliokwenda kijitoni kuosha magimbi. Ulikuwa umenasa kati ya mawe, uso majini. Nyuma ya kichwa palikuwa na jeraha moja, pana. Tangu alfajiri ya siku iliyotangulia mvua ilikuwa imenyesha karibu bila kukatika, lakini marehemu alivaa shati la mikono mifupi tu. Hakuwa na koti la mvua wala helmeti, na pikipiki yake haikuonekana.

Mkaguzi Msaidizi Sekela Mwambene alifika pamoja na daktari. Daktari alisema mtu huyu alipigwa kwanza, akatupwa majini baadaye, na kwamba alikufa Alhamisi asubuhi. Hakuweza kusema ni saa ngapi hasa, wala ni wapi. Kijito kile kinafuata barabara tangu juu karibu na Tukuyu, kikipita chini ya madaraja mawili na kando ya mashamba mengi, na mvua ilikuwa imekijaza.

Aliyesimamia kutolewa kwa mwili alikuwa Mzee Anyosisye, mwenye kitalu kikubwa kuliko vyote vya miche ya parachichi katika kata. Alikata mianzi, akaifunga machela, akawapanga vijana. Alimwambia Sekela kwamba Alhamisi wenye vitalu wote walikuwa kwenye semina Tukuyu, wakimngoja Emmanuel aje kuzungumza, na hakutokea.

"Wewe ulifika saa ngapi, mzee?"

"Kabla ya saa tatu. Sala ya kufungua niliongoza mimi, mwanangu. Waulize, watakwambia ilikuwa ndefu."

Sekela aliwauliza. Watu zaidi ya thelathini walikubali kwamba mzee alikuwepo mpaka jioni, na kwamba sala ilikuwa ndefu. Wakulima wengine walimwambia kwa sauti ya chini kwamba Emmanuel alikusudia kutangaza jambo kuhusu miche kwenye semina hiyo. Jambo gani, hawakujua. Walijua tu kwamba miti yao ina miaka minne na haijatoa hata ua.

Siku hiyohiyo pikipiki ilipatikana mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, nyuma ya safu ya maduka. Fundi mmoja aitwaye Anyitike alikuwa ameshaanza kuifungua vioo vya pembeni.

"Afande, niliikuta peke yake," alisema. "Nikaona nisaidie vioo visiibiwe."

Alipelekwa mahabusu, akatoka baada ya saa chache. Alhamisi yote alikuwa Kiwira akitengeneza gari la mteja, na mteja alithibitisha. Koti na helmeti havikuwepo penye pikipiki, na Anyitike aliapa hakuviona.

Jioni, Rahim Ahmadi alikuja kituoni kwa hiari yake, na pikipiki yake.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa fundi cherehani, na nyumba yao ilikuwa milango minne kutoka pale ilipokutwa pikipiki. Alikuwa na chaneli ya video. Alikuwa akifunga kamera ndogo kwenye helmeti na kuendesha pikipiki yake katika barabara za Rungwe huku akizungumza na watazamaji kana kwamba wamepakiwa nyuma. Alhamisi alikuwa amemrekodi Emmanuel barabarani, akaona video hiyo itawasaidia polisi. Iliwasaidia kumweka ndani yeye.

Video ilianza saa mbili na dakika kumi asubuhi. Sekela alilinganisha saa ya kamera na ya simu yake, akakuta zinakubaliana. Mbele ya Rahim ilikuwepo pikipiki ya Emmanuel, namba ikisomeka, ikipanda kuelekea Tukuyu. Mwendeshaji alivaa koti la mvua la njano na helmeti nyeusi. Rahim alisikika akicheka: "Mnamwona bwana shamba wetu? Leo atanisikiliza, apende asipende." Alipiga honi, akaita. Yule wa mbele hakugeuka, akaongeza mwendo. Walimpita mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani, wakapita kona, matone yakafunika lenzi, video ikaisha.

Mkuu wa upelelezi aliitazama mara mbili, akaona inatosha. Mwezi uliopita Rahim alirusha video ya Emmanuel akianguka kwenye tope na pikipiki yake. Wilaya nzima ilicheka, na Emmanuel akamshtaki kituoni. Sasa amerekodiwa akimfukuza na kumtisha. Kwa maelezo ya mkuu, Rahim alimkuta kwenye daraja la juu, akampiga, akamtupa, na maji yakauteremsha mwili. Kisha akaificha pikipiki karibu na kwao.

"Alikuwa na pikipiki yake," Sekela alisema. "Aliendeshaje mbili?"

"Alikuwa na mwenzake."

"Yupi?"

"Hilo ndilo utakalomwuliza. Jumatatu anakwenda mahakamani kwa kosa la mauaji."

Adhabu ya kosa hilo ni kunyongwa. Mwantum, mama yake Rahim, alilijua hilo. Alileta chakula asubuhi, mchana na jioni, na kila mara aliuliza swali moja tu, kama Jumatatu imebadilika.

Sekela alimhoji Rahim Jumamosi. Kijana alisema alitaka kumwomba Emmanuel radhi, mbele ya kamera, ili waliomcheka waone.

"Bila kumwambia kwanza?"

"Ndiyo kazi ilivyo, afande. Ukimwambia mtu unamrekodi, anakaa kama anapigwa picha ya kitambulisho."

"Baada ya kona ilikuwaje?"

Cheni ilichomoka. Alipoirudisha, mtu alikuwa ameshapotea, naye akaenda nyumbani kujianika.

"Uso wake uliuona?"

"Nilikuwa nyuma yake. Niliona mgongo."

"Ulijuaje ni Emmanuel?"

"Koti la njano. Pikipiki. Namba."

"Umenitajia nguo na chombo. Mtu je?"

Rahim alisema taratibu kwamba Emmanuel alikuwa na kawaida ya kumrudishia honi, hata baada ya ugomvi wao. Siku hiyo hakurudishiwa.

Honi si ushahidi. Lakini Sekela alikuwa na maswali mawili ambayo maelezo ya mkuu hayakuyajibu. Kama Emmanuel alikuwa barabarani amevaa koti saa mbili na dakika kumi, kwa nini alikutwa bila koti? Na muuaji wa kumvizia mtu darajani angetaka koti lililolowa la nini? Kwa upande mwingine, kama aliyevaa koti hakuwa Emmanuel, basi huenda Emmanuel alikuwa ameshakufa, na wote waliotolewa kwenye orodha ya watuhumiwa kwa sababu walikuwa Tukuyu kabla ya saa tatu walipaswa kurudishwa.

Alirudi kwenye video. Mara hii hakumtazama mwendeshaji, alimtazama mwanamke.

Mwanamke alikuwa akija kinyume chao, ukingoni mwa barabara. Pikipiki ya kwanza ilipomkaribia alisimama ghafla. Aliutua mkungu haraka, akaingia kwenye majani ya chai, akachuchumaa na kuipa barabara mgongo, khanga amejifunika kichwani. Rahim alisikika akisema, "Mama wa watu anakimbia matope." Mkuu naye alikuwa amesema hivyohivyo. Lakini pikipiki ya kwanza ilipopita tu, mwanamke aliinuka, akarudi barabarani, akasimama wima kando ya dimbwi lilelile wakati Rahim anapita, na akamrushia mkono kumsalimia. Maji ya dimbwi aliyoyarusha Rahim yalimlowesha mpaka magotini.

Hakukimbia matope. Alimpisha mtu.

Sekela alizaliwa Kiwira na aliolewa huko. Alikuwa na shahada na cheo, na bado kwa miaka tisa, mpaka baba wa mumewe alipofariki, hakuwahi kupita mbele yake wala kumtazama usoni wala kutamka jina lake. Mwanamke aliyeolewa kwa desturi ya Kinyakyusa humpisha mkwe namna ile, kwa kuacha njia, kutua mzigo na kugeuza mgongo. Hampishi bwana shamba hivyo. Kamera iliona mgongo wa mwendeshaji. Mwanamke alikuja kutoka mbele na kuuona uso.

Ilimchukua mchana mmoja kumpata. Aliitwa Esnath, aliishi juu kidogo ya mashamba ya chai, na mume wake alifanya kazi mgodini Kiwira. Alimkaribisha Sekela kwa ndizi za kuchoma. Alikumbuka asubuhi ile na kijana mwenye kamera. Sekela alipomwuliza alimpisha nani, aliweka sahani chini.

"Kwani lazima?"

"Kuna mtoto wa watu ndani. Jumatatu anasomewa mauaji."

"Huyu wa kamera? Aliyenilowesha?"

"Huyohuyo."

Esnath alisema helmeti ilikuwa imefunuliwa kioo, pengine kwa ukungu, na kwamba uso aliuona vizuri. Aliyekuwa ndani yake hawezi kumtaja. Sekela hakumlazimisha. Alimwuliza mkwe wake ana ndugu wa kiume wangapi, kwa kuwa wote hao hupishwa. Walikuwa wawili, Esnath akajibu, na wote walishazikwa. Sekela akamwuliza huyo aliyebaki, mkwe mwenyewe, anaishi wapi. Esnath alinyoosha mkono kuonyesha bondeni. Kando ya kijito, chini ya vivuli vya majani makavu ya migomba, kilionekana kitalu cha Mzee Anyosisye.

"Mama, mahakama haisikii mkono," Sekela alisema. "Itabidi mtu alitamke jina, na aliyeona ni wewe peke yako."

Sekela alimwachia namba ya simu, akaondoka.

Jumapili baada ya ibada Mzee Anyosisye aliitwa kituoni. Alikuja na suti ya kanisani, akawatania askari wa zamu kwamba wanalinda benchi badala ya watu. Sekela alimwonyesha video, akaisimamisha kwenye koti la njano.

"Huyu ni nani?"

"Marehemu. Mungu amrehemu."

"Na huyu aliyechuchumaa?"

"Mgongo wa mwanamke. Migongo iko mingi, mwanangu."

"Ni mke wa mwanao. Alimpisha huyu mwenye koti, na huyu wa nyuma hakumpisha. Emmanuel hakuwa wa ukoo wenu. Kwa hiyo mwenye koti si Emmanuel."

Mzee alitabasamu. Alisema wasichana wa siku hizi wanachanganya mambo, pengine alimfananisha na mtu mwingine. Kisha akainama mbele, akasema kwa upole, kama anayemfundisha, "Na hata kama angekuwa na la kusema, wewe ni mtoto wa huku. Unajua hawezi. Hajawahi kulitamka jina langu tangu aolewe. Utamsimamisha mbele ya hakimu aseme nini? Yule wa bondeni?"

"Labda," alisema Sekela, na akafungua mlango wa pili.

Esnath alikuwa amepiga simu kabla ya jua kuchomoza. Aliingia sasa, khanga mabegani, kichwa wazi. Mzee aligeuka upande, kwa desturi, akimpa nafasi ya kugeuka pia. Esnath hakugeuka. Alikwenda hadi mbele ya meza, akamtazama usoni.

"Aliyekuwa kwenye pikipiki ya Emmanuel ni Anyosisye," alisema. "Ni wewe, tata, baba wa mume wangu. Nilikuona."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa polisi, kwa wanasheria, kwa video. Kwa hilo hakujiandaa. Alijaribu kumtazama mke wa mwanawe, akashindwa, akaangalia mikono yake.

Aliyoeleza baadaye yaliandikwa mbele ya shahidi huru. Emmanuel alifika kitaluni Alhamisi alfajiri, akakwangua mashina ya miche kumi, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja uliokuwa umebebeshwa, yaani kuunganishwa na kikonyo cha mti unaozaa mapema. Yote ilikuwa imeota kwenye mbegu tu, kisha ikafungwa kitambaa penye shina ili ionekane ina kovu la kubebeshwa. Kwa miaka minne wakulima wa kata nzima walipanda miti ya namna hiyo na kuingoja. Emmanuel alisema atatangaza kwenye semina.

"Nilimwomba siku moja tu, niseme mwenyewe," mzee alisema. "Akasema wenzako wamengoja miaka minne. Akageuka kuvaa koti."

Alimpiga kwa mpini wa jembe. Alimburuta hatua chache hadi majini, akavaa koti na helmeti, akaendesha hadi Bagamoyo, akijua kwamba kila atakayeiona njano ile atasema bwana shamba yu hai. Koti na helmeti alivitupa kwenye choo cha shimo nyuma ya ukumbi wa semina. Kisha akaingia kuongoza sala. Askari walivitoa jioni ileile, na mpini wenyewe ulikutwa kitaluni.

Rahim aliachiwa. Mkuu alimwambia asisafiri mbali na hakumwomba radhi. Kamera ilibaki kama kielelezo mpaka kesi iishe. Rahim alitia saini, akatoka nje, akamkuta Esnath amesimama ukingoni mwa baraza.

Sekela alikuwa amemwambia kwamba huko nyumbani kutakuwa kugumu, na kwamba mume wake, aliyepigiwa mara tatu, hapokei simu. Alimpa shauri la kulala kwa dada yake kwa siku chache. Esnath alikataa.

"Migomba ile nimeipanda mimi," alisema. "Nikiondoka leo, kesho watasema nilisingizia."

Rahim alimletea helmeti ya abiria, akamsaidia kufunga mkanda. Alimwambia alikuwa hajui aseme nini.

"Usiseme kitu. Ukifika kwenye dimbwi punguza mwendo," alisema Esnath.

Rahim aliwasha pikipiki, akamwuliza amshushe wapi. Pale njia panda, labda, ili watu wasimwone akija na mgeni?

Esnath alijifunga khanga vizuri kiunoni, akapanda.

"Mpaka mlangoni," alisema.