Jalada la Daftari la Hesabu

Kila siku baada ya shule, Bi Simu alipitia ofisini kwa mama yake. Jina hilo lilikuwa la utani tu. Mama, ambaye alikuwa wakili, alimbandika jina hilo kwa sababu binti yake wa darasa la sita hakuweza kuiacha simu ilie mara mbili. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, chenye kabati la mafaili lisilofungika vizuri na daftari jekundu mezani. Masharti yalikuwa yaleyale kila siku: ujumbe wa simu uandikwe kwenye daftari jekundu, hapo hapo.

Jumanne moja mama alipokuwa ametoka, karani wa mahakama alipiga simu. Alisema kesi ya fundi seremala, mteja wa mama, haitangoja wiki ijayo, itasikilizwa keshokutwa, Alhamisi. Daftari jekundu lilikuwa upande wa pili wa meza, na Bi Simu alikuwa amezama katika hesabu za sehemu. Aliandika ujumbe kwenye jalada la daftari lake la hesabu, akajiambia atauhamisha baadaye. Kisha wenzake wakamwita chini, akatia kila kitu mkobani na kushuka ngazi mbio.

Ijumaa fundi alikuja, vumbi la mbao likiwa bado viatuni. Mwenye jengo alitaka kumfukuza kwenye karakana yake kabla ya mwisho wa mwaka waliopatana, na kesi hiyo ndiyo ilikuwa tegemeo lake. Sasa kesi ilikuwa imetupwa kwa kuwa hakuna aliyefika.

"Wakili, mimi ningekuja hata kwa miguu," alisema taratibu. "Mbona hukuniambia?"

Mama alifunua daftari jekundu, hakuona kitu. Akamgeukia binti yake na kumuuliza kama kuna mtu alipiga simu kutoka mahakamani.

"Hapana, Mama," alijibu, na uso ukamwaka moto.

Mama akaanza kuandika hati ya kiapo ya kuomba kesi irudishwe. Jumatatu angeapa kwamba karani wa mahakama hakumjulisha. Bi Simu aliyasikia hayo yote. Alijaribu kujifariji. Si mama mwenyewe alisema kesi ya fundi ni ngumu, kwa kuwa mapatano hayakuandikwa na shahidi ni mmoja tu? Basi angeshindwa tu. Lakini kila alipotoa daftari la hesabu, maandishi yale yalimsuta, akaligeuza kifudifudi. Aliona haya hata kumtazama mama wakila.

Jumatatu asubuhi, mama akivaa viatu, Bi Simu aliliweka daftari la hesabu juu ya ile hati. Mama alisoma jalada, akakaa kitini na kiatu kimoja mkononi.

"Mama, nilidanganya. Lakini hata ungekwenda, si fundi angeshindwa tu?"

Mama aliweka kiatu chini.

"Wakili akishtakiwa kwa uzembe, hayo huwa maneno yake ya kwanza," alisema. "Na hakimu huuliza kweli: kosa hili limempotezea mteja kitu gani? Swali hilo linapima hasara, mwanangu. Halifuti kosa. Fundi alikuwa na nafasi ya kusikilizwa. Hata kama ilikuwa ndogo, ilikuwa yake, na sisi tumeipoteza."

"Sisi?"

"Simu ni ya ofisi yangu. Niliyekuachia ni mimi."

Alichana hati ile na kuandika nyingine yenye ukweli. Jioni walikwenda karakanani, na Bi Simu akamweleza fundi mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye maranda ya mbao sakafuni. Fundi aliweka randa chini.

"Siku zote hizi nilidhani wakili wangu amenidharau," alisema. "Heri nimejua."

Karani wa mahakama naye alifuatwa na kuombwa radhi, kwa kuwa nusura abebeshwe kosa lisilo lake. Kesi ikarudishwa, shahidi yule mmoja akaja, na hakimu akamwamini. Fundi akaruhusiwa kubaki karakanani hadi mwisho wa mwaka.

Wakirudi nyumbani, mama alisema, "Ulikuwa na hakika angeshindwa. Hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Hakuna aliyejua mpaka aliposikilizwa. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado lina dawa."

Bi Simu aliitikia kwa sauti ndogo. Jalada lake lilikuwa limebanwa kwenye hati kama ushahidi, kwa hiyo muhula mzima alifanya hesabu kwenye daftari lisilo na jalada. Mwalimu alipomuuliza liko wapi, alisimama mbele ya darasa zima.

"Liko mahakamani, Mwalimu," alisema, kisha akaeleza kwa nini.