Siku Kumi na Nne za Dobi

Asubuhi ile mke wa Dobi alikuwa anamchana mtoto nywele huku akiitazama karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Karatasi ilijaa miraba, mishale na majina ya utani. Mishale mingine ilikwenda, ikarudi, ikafutwa, ikachorwa tena.

"Mume wangu, hii ni ramani ya nini?"

"Ni zamu," alisema Dobi. Alikuwa anakunywa chai amesimama, macho mekundu. "Leo mchana namshikia Kipara. Yeye atanishikia Jumatatu ya kwanza ya mafunzo. Kesho namshikia Redio. Redio atanishikia Jumanne. Au Jumatano. Ngoja…"

Alikwenda kwenye friji, akaweka kidole kwenye mshale, akaufuata. Ukamfikisha kwenye mraba mtupu.

"Hata wewe mwenyewe huelewi," mkewe alisema.

"Naelewa. Nimechoka tu."

Binti yao wa miaka saba alidakia, "Baba haelewi!" Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Mguu wake wa kushoto ulipinda ndani tangu kuzaliwa. Ndani ya nyumba alitembea kwa kushika ukuta, na rangi ya ukuta ilikuwa imechakaa kwa mstari mmoja, usawa wa kiganja chake.

Mwezi uliofuata Chiriku angepasuliwa mguu huo ili unyooshwe. Hospitali ilisema mzazi mmoja lazima akae naye wodini siku kumi. Mama yake alikuwa ameanza kazi mpya juzijuzi, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, hana likizo. Dobi alikuwa na siku kumi za likizo ya mwaka. Siku kumi kamili, hakuna ya ziada. Alikuwa anazitunza kama yai.

Kisha ikaja barua ya wito. Ujanani Dobi alilitumikia jeshi, na alipotoka aliandikwa kuwa askari wa akiba. Kila baada ya miaka miwili askari hao huitwa kambini kwa mafunzo. Barua ilisema aripoti kwa siku kumi na nne.

Mara ya mwisho alipoitwa, msimamizi wake kazini alimwambia, "Mambo ya jeshi ni yako. Tumia likizo yako." Dobi akaitumia. Mwaka ule hakupumzika hata siku moja. Safari hii, akitumia likizo, nani atakaa na Chiriku?

Ndiyo maana alichora ramani.

Dobi alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Alisimama mbele ya pasi ya rola, mashine ndefu yenye mapipa ya chuma ya moto yanayozunguka. Shuka bichi linaingia upande huu, linatoka upande ule likiwa kavu na limenyooka. Wafanyakazi wa pale walikuwa na desturi yao ya siku nyingi: kushikiana zamu. Wewe una msiba, mimi nakushikia, halafu nawe utanishikia. Anayeshika husaini daftari la mahudhurio kwa jina la mwenye zamu. Hakuna aliyeuliza. Kwa siku moja moja, mambo yalikwenda.

Lakini Dobi alitaka siku kumi na nne. Kwa hiyo alizilipa kwanza. Alifanya zamu yake ya asubuhi, kisha zamu ya mwenzake ya mchana, siku baada ya siku.

"Utakufa umesimama," Redio alimwambia siku hiyo. Redio alikuwa upande wa pili wa mashine, anakunja mashuka. Alijua habari zote, na nusu yake ilikuwa ya kweli. "Sema unaumwa, basi. Tumbo. Nani atakupima tumbo?"

"Na kambini wakinipiga picha, kazini wakaiona?"

"Basi omba ruhusa bila malipo."

"Nitakula nini?"

"Jeshi si linalipa?"

"Sijui. Mama mkwe anasema nikilipwa huku na huku nitafungwa."

"Hilo nililisikia hata mimi," Redio alisema, ingawa hakulisikia popote.

Dobi alitoa fomu ya likizo mfukoni, akaisoma kwa mara ya tano. Likizo ya mwaka. Ugonjwa. Uzazi. Msiba. Nyinginezo. Hakuona neno jeshi. Akaikunja, akaingiza shuka lingine.

Macho yakajifumba. Kidogo tu. Shuka likavutwa na rola, na mkono wake ukafuata shuka.

"Dobi!"

Redio aliruka na kupiga kitufe chekundu. Mapipa yakasimama. Vidole vya Dobi vilikuwa karibu mno na chuma, vinyweleo vya mkono vimeungua.

Msimamizi alikuja mbio. Aliutazama mkono, kisha uso. "Nenda nyumbani ukalale. Sitaki kukuona hapa mpaka kesho."

Dobi alifika nyumbani saa tisa alasiri. Kwenye kochi alikuwa amekaa jirani wa mlango wa pili, ambaye wote walimwita Karani. Alikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha mita za maji, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alikuwa amekuja kurudisha ndoo. Sasa alikuwa ameshika ile karatasi ya friji.

"Shemeji, karibu. Mkeo amenionyesha kitendawili chako. Nimeshindwa. Nakupa mji."

Dobi alicheka bila furaha, akaketi, akaeleza yote. Karani alisikiliza. Dobi alipomaliza, Karani aliuliza swali moja.

"Ukiwa kambini, daftari la kazini litasema uko wapi?"

"Litasema niko kazini. Wenzangu watanisainia."

"Na kambini utasaini?"

"Kila asubuhi. Na mwisho wanatoa cheti chenye tarehe."

"Kwa hiyo kwa karatasi moja uko kambini, na kwa karatasi nyingine uko kwenye pasi. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Wewe ni mapacha?"

Dobi aliinama kuitazama ile karatasi.

"Haya. Redio amekushikia zamu, mkono wake ukaingia kwenye rola. Daftari linasema aliyeumia ni nani?"

"Mimi," Dobi alisema polepole.

"Wewe. Wewe uliyeko kambini, mikono mizima. Redio atadai matibabu ya ajali kwa daftari lipi? Shemeji, wewe hujafanya hila. Umehangaika. Lakini mbele ya mwajiri, hii inaitwa udanganyifu, na watu hufukuzwa kazi kwa hilo. Wewe na kila aliyekusainia."

Mkewe alisimama mlangoni amekunja mikono. "Mimi nilisema."

"Hukusema hivyo," Dobi alisema.

"Nilisema huelewi. Si ndiyo hayo hayo?"

"Basi nifanye nini?" Dobi alishika kichwa. "Msimamizi anasema tumia likizo. Redio anasema tumbo. Mama yako anasema jela. Fomu haina hata neno jeshi. Kila mtu na lake!"

"Umemuuliza nani ofisi ya utumishi?"

Dobi aliitoa fomu ya likizo mfukoni, akaikunjua.

"Hujauliza," Karani alisema. "Umewauliza wote isipokuwa mwenye kazi hiyo. Sikiliza. Sheria yetu ya kazi ina kifungu cha askari wa akiba. Akiitwa mafunzoni, mwajiri lazima ampe ruhusa. Mpaka siku kumi na nne kwa mwaka, mshahara wake unaendelea. Na siku hizo hazikatwi kwenye likizo yake ya mwaka. Hazikatwi, shemeji."

"Na jeshi likinipa kitu?"

"Wanakupa nauli na chakula. Hiyo si mshahara. Hufungwi."

"Una hakika?"

"Kwa hapa kwetu, nina hakika. Nchi nyingine zina utaratibu mwingine, kwingine hawalipi kabisa. Kwa hiyo usishike maneno yangu peke yake. Nenda utumishi, mwambie ofisa akusomee kifungu chenyewe. Peleka barua ya wito na nakala yake. Barua wabaki nayo, nakala wakupigie muhuri wa kupokea. Kwenye fomu, weka alama kwenye nyinginezo, uandike: mafunzo ya jeshi la akiba. Ukirudi, peleka cheti cha kuhudhuria. Usipokipeleka, watasema ulikwenda kutembea."

Dobi aliichomoa ramani mkononi mwa Karani, akaichana vipande vinne. Chiriku alipiga makofi bila kujua kwa nini.

Kesho yake Dobi aliingia ofisi ya utumishi na barua yake. Ofisa aliisoma. Akakuna kidevu.

"Hii… sijawahi kuipata hapa," alisema. "Subiri."

Ofisa alifungua kabati, akatoa kitabu kinene, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Akampigia mtu simu. "Ndiyo, wa akiba… Sawa… Bila kukata?… Sawa." Kisha akamwita msimamizi.

"Huyu mara iliyopita ulimwambia atumie likizo?"

"Si ni mambo yake binafsi?" msimamizi alisema. "Mimi nilijua ni mambo yake."

"Soma hapa."

Msimamizi alisoma, midomo ikicheza. Akasoma tena. "Lo! Mimi mwenyewe nilikuwa sijui." Akamgeukia Dobi. "Na wewe mbona hukuuliza?"

"Nilikuuliza wewe, mkuu."

Ofisa alikohoa, akapiga muhuri kwenye nakala. Siku za mwaka ule hazikurudi; ofisa alisema zimepita muda wa kudai. Dobi hakubishana sana. Lakini msimamizi alipata wiki tatu za kupanga mtu wa kushika pasi ya rola, kwa jina lake mwenyewe na saini yake mwenyewe. Na zamu ambazo Dobi alikuwa ameshawafanyia wenzake? Redio alisema, "Hizo tumekushukuru, kaka." Dobi akatukana kidogo, wakacheka.

Alikwenda kambini. Alirudi mweusi kwa jua, na cheti kwenye bahasha. Alikipeleka utumishi kabla hajavua buti.

Siku ya Chiriku ilipofika, muuguzi aliketi na fomu yake.

"Nani atakaa na mgonjwa?"

"Mimi, baba yake."

"Siku zote kumi? Maana wengine wanaanza vizuri, siku ya tatu tunaambiwa kazini wamewaita."

"Nina likizo. Siku kumi, hakuna iliyoguswa."

Muuguzi aliandika. Chiriku, kitandani, alimvuta baba yake shati.

"Baba, ukikaa siku kumi utanihadithia nini?"

"Mimi? Wewe ndiye utakayehadithia. Mimi nitasikiliza tu."

"Siku zote kumi?"

"Zote."

Chiriku alivuta pumzi, akaanza.