Masalia ya Kikombe cha Bati

Mama alinituma kurudisha kikombe. Hilo tu.

Kilikuwa kikombe cha bati, kimebanduka rangi ukingoni, na ndani kimebaki na mvinyo kidogo. Kwenye shamba la mizabibu tunakoishi na kufanya kazi, nje ya mji wa Stellenbosch, siku ya mwisho ya mavuno kila mchumaji hunyweshwa kikombe, kisha masalia humwagwa kwenye pipa dogo ghalani. Zamani watu wetu walilipwa mvinyo. Siku hizi wanalipwa kwa randi taslimu, lakini kikombe kimebaki. Mwaka huo kifua kilimbana Mama, akarudi nacho nyumbani kabla hajakimaliza.

"Mama, huu ni upuuzi wa enzi za utumwa. Nimwage hapo nje yaishe."

"We Merencia, mdomo wako peleka chuoni. Masalia yanarudi pipani. Umekula?"

"Nitakula nikirudi."

Umekula? Ndiyo salamu yake. Hata ukimwamsha usingizini, atakuuliza hivyo.

Jua lilikuwa linaishia nyuma ya milima nilipoingia ghalani. Bwana Malherbe, mwenye shamba, alikuwa mezani na wanunuzi wawili. Chupa zimevalishwa mifuko ya karatasi, asijue mtu jina wala bei. Nikamwaga masalia pipani bila hata kuinama vizuri.

Pipa likatoa mlio...

Kama mtu anayemeza.

"Binti wa Doreen!" Bwana Malherbe akaita. "Si unasomea mvinyo wewe? Njoo utuambie kama bei zetu ni za haki."

"Nikisema kweli usininunie, Bwana."

"Sema. Ila usimeze. Ndoo ya kutemea ile pale."

Glasi ya kwanza nikaizungusha, nikanusa, nikaonja, nikatema.

"Hata bila kuiona chupa, najua mnunuzi analipia picha ya jumba iliyobandikwa juu yake. Ukishatema, hakuna kinachobaki ulimini. Haustahili hata nusu ya bei."

Mnunuzi mmoja akacheka. "Huyu ana ulimi wa wembe!"

Glasi ya pili... tumbaku ya kiko. Manyoya ya mbwa aliyenyeshewa. Kitunguu kibichi.

Nilitema kwanza. Ndipo nikakumbuka.

Babu Apools, mzee wa wachumaji. Kiko chake. Mbwa wake.

"Huu ni wa mwaka gani?"

Bwana Malherbe akauvua mfuko taratibu. Ulikuwa mwaka tuliomzika Babu, wiki moja baada ya mavuno.

Ndani ya ndoo, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi chake, kile kikavu cha alfajiri. Wanunuzi hawakugeuka. Walikuwa wanaandika alama zao.

Ningekimbia pale pale. Lakini nilidhani ni mchezo, na hasira ikanitangulia. Kila mwaka baada ya mavuno tunazika mtu, na hawa wamekaa wanabishania bei! Bwana Malherbe akafungua bomba la pipa dogo, akaweka glasi mbele yangu. Nikainyakua ili nimuumbue mbele ya wageni wake.

Sabuni ya kijani. Dawa ya kuchua kifua. Unga wa mkate.

Mama.

Mvinyo ulikuwa wa moto, kama mate ya mtu mwingine. Bwana Malherbe akaninong'oneza sikioni.

"Ukitema, anakaa ndooni na wenzake. Ukimeza, umemnywa wewe. Haya... unastahili bei?"

Mimi, ambaye chuoni hakuna aliyewahi kunifunga mdomo! Nilikuwa na majibu ya kumchana vipande. Ningeyasemaje? Mdomo umejaa.

Nikatoka mbio kati ya mizabibu, midomo nimeibana, napumulia puani. Pua ikajaa sabuni ya kijani.

Nilimkuta jikoni, kwenye kiti, mkate unaungua. Uso umepauka. Amesinyaa kama zabibu iliyosahaulika juani.

"Nani? Merencia? Mbona husemi... wewe usiyenyamaza?"

Nikapiga magoti. Nikamwekea midomo yangu kwenye midomo yake, nimrudishie, kama alivyokuwa akinilisha nikiwa mchanga. Akageuza uso. Alinusa, akajua. Nadhani alijua tangu zamani. Wote walijua kila mwaka pipa linachukua mtu.

"Usiniweke tena kwenye kikombe chao," akasema kwa shida. "Meza."

Nikatikisa kichwa. Machozi yakaingia mdomoni, yakachanganyika naye.

"Meza, mwanangu."

Nikameza.

Mkono wake, uliokuwa umenishika bega, ukaniachia.

Yaliyobaki pipani yalitiwa kwenye chupa. Yako dukani mjini, nyuma ya kioo, na wenzangu wa chuo husimama pale kubishana kama kweli mvinyo unaweza kustahili bei ile. Wiki iliyopita mmoja akanivuta mkono.

"Merencia, wewe ndiye mjuzi. Hebu tuambie."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, tangu kikombe hadi ndoo. Nikafungua mdomo...

Ikatoka sauti ya uzee, yenye kifua kilichobana.

"Umekula?"