Ujumbe Ambao Mektrida Hakuuandika

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye migomba, Mektrida alikuwa ameshakata majani ya ng'ombe, ameshakamua, na ameshafikisha ndoo ya maziwa barabarani. Miaka hiyo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, na pale Kibosho, mlimani, nyumba nyingi ziliishi kwa maziwa. Mama yake alimwekea kiburu cha ndizi na maharage, akamsimamia mpaka sahani iwe tupu.

"Ukienda chuoni na njaa utasikia nini?" alisema kila siku.

Kisha Mektrida alipanda pikapu ya maziwa, akateremka nayo hadi Moshi mjini. Hivyo ndivyo alivyoanza mwaka wake wa kwanza wa chuo kikuu, mwaka 2003. Hisabati aliijua, baiolojia aliipenda. Kompyuta, hata hivyo, alikuwa hajawahi kuigusa. Shule aliyosoma ilikuwa nayo moja, ikakaa ofisini kwa mkuu wa shule imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona ikiwaka.

Pale chuoni mambo yote yalipitia kwenye kompyuta: ratiba, matangazo, matokeo ya mitihani na barua pepe. Kwa hiyo wiki ya kwanza wanafunzi wapya waliitwa kwenye chumba cha kompyuta. Kila mmoja alipewa jina la kuingilia, akatakiwa ajichagulie neno la siri.

Msimamizi wa chumba hicho, Bwana Ebenezeri, alikuwa mtu wa haraka. "Andika jina lako, kisha neno la siri, kisha lirudie. Basi," alisema, akatazama saa yake.

Mektrida aliinua mkono. "Samahani, mwalimu. Kila herufi ninayobonyeza inatokea nyota. Nimekosea wapi?"

Chumba kizima kikacheka. Bwana Ebenezeri hakucheka. Alikunja uso.

"Ndivyo inavyotakiwa kutokea! Ninyi mnaoshuka mlimani mtatumaliza. Aliye karibu naye amsaidie, kundi lingine linangoja nje."

Aliyekuwa karibu alikuwa Jovin, kijana aliyesoma sekondari Dar es Salaam na kuzizoea kompyuta tangu kidato cha kwanza. Alivuta kibodi upande wake, vidole vikakimbia.

"Tayari. Nimekuwekea 'ndizi'," alimnong'oneza. "Si wewe ni wa Kibosho? Hutasahau."

Mektrida alicheka naye, akamshukuru. Lakini akiwa njiani kurudi nyumbani jambo lile lilimsumbua. Kama neno ni la siri, mbona wanalijua wawili? Kesho yake alimfuata Bwana Ebenezeri mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unionyeshe jinsi ya kubadilisha neno langu la siri. Kuna mwenzangu analijua."

"Jana uliingia, hukuingia?"

"Niliingia."

"Basi inatosha. Nina kazi, binti."

Alirudi tena siku nyingine. Safari hii Bwana Ebenezeri alimwona kwa mbali, akasema kwa sauti, mbele ya watu, "Wewe tena?" Mektrida aliona aibu, akageuza njia. Tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Wiki chache zikapita. Darasa lao likachagua kiongozi. Waligombea wawili, Jovin na Khyati, msichana wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Khyati alikuwa mwepesi wa kusikiliza watu na mkali kwa walimu waliochelewa, na darasa likampenda. Alishinda kwa kura nyingi. Jovin alimpa mkono huku anatabasamu, ila tabasamu lenyewe halikufika machoni.

Siku moja darasa liligawanywa makundi mawili kwa ajili ya mafunzo ya nje. Kundi la kwanza lilipelekwa Kahe, kwenye mashamba ya mpunga, kuangalia jinsi wakulima wanavyogawana maji ya mifereji. Mektrida na Khyati walikuwa humo. Kundi la Jovin lilibaki chuoni, zamu yao ikiwa wiki inayofuata.

Huko Kahe jua lilikuwa kali, na matuta yalikuwa membamba. Alasiri ya siku hiyo Khyati aliteleza, mguu mmoja ukazama topeni mpaka gotini, kiatu kikabaki huko chini. Mektrida alimshika mkono, akavuta, akaanguka naye. Wakakaa wote wawili kwenye matope, wakicheka mpaka machozi. Walirudi mjini jioni, Khyati akiwa peku mguu mmoja, na wakaagana kama watu waliojuana siku nyingi.

Kesho yake Mektrida aliingia darasani, akaketi benchi lake la kila siku. Wasichana wawili waliokuwa wameketi hapo wakainuka, wakahama. Mmoja wao alisema bila kumtazama, "Hata haya huna."

"Nimefanya nini?"

"Nenda kasome ulichokiandika."

Alikwenda chumba cha kompyuta mbio mbio. Akaandika jina lake na lile neno la siri, akafungua sanduku lake la barua. Ujumbe ulikuwa umetumwa kwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Ulisema: "Khyati na ndugu zake warudi kwao. Uongozi haununuliwi kwa duka la baba. Chuo hiki ni chetu." Na juu yake, kwenye nafasi ya mtumaji, lilikuwepo jina kamili la Mektrida, pamoja na la ukoo.

Alisoma mara ya pili. Maneno yale yalimchukiza kama uchafu, na uchafu wenyewe umepakwa jina lake! Jina alilopewa ubatizoni, jina la bibi yake, sasa kila mtu alilitazama kwa kinyaa.

Alimkuta Khyati koridoni. Macho ya Khyati yalikuwa mekundu.

"Khyati, nisikilize. Sikuandika mimi."

"Nirudi wapi, Mektrida?" Khyati alimkata kauli. "Niambie. Mimi nimezaliwa hospitali ya Mawenzi. Baba yangu amezaliwa hapa hapa Moshi. Nirudi wapi?"

"Mimi pia nimezaliwa Mawenzi! Ningewezaje kusema..."

Lakini Khyati alikuwa ameshaondoka.

Bwana Ebenezeri naye alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Mlezi wa wanafunzi anakutaka ofisini kwake kesho asubuhi," alisema. "Na usijisumbue kukana. Kompyuta haidanganyi."

Mektrida alipofika nyumbani, mama yake alikuwa anapalilia migomba. Alimweleza yote, akiwa amesimama, hata mkoba hajautua. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka jembe chini.

"Umeandika?"

"Sijaandika, mama."

"Basi kesho usiende kuinamisha kichwa. Waulize wamekuonaje ukiandika. Watu wazima, wasomi, wanamhukumu mtoto wa mtu kabla ya kumwuliza!" Mama alikuwa amekasirika kuliko Mektrida mwenyewe. Alitaka kuteremka naye, na ilibidi Mektrida ambembeleze sana abaki.

Asubuhi ofisini walikuwepo watu wanne. Mlezi wa wanafunzi, Mama Theodora, alikuwa nyuma ya meza yake, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini. Bwana Ebenezeri alikuwa amesimama kando. Khyati aliketi karibu na dirisha. Mektrida aliamkia, akabaki wima.

"Keti, mwanangu," alisema Mama Theodora.

"Ahsante, mama. Naomba nisimame. Nimeitwa mtovu wa adabu mbele ya chuo kizima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama ni kweli. Sikuandika ule ujumbe."

"Jina ni lako," alidakia Bwana Ebenezeri. "Akaunti ni yako. Nimekagua mwenyewe. Ujumbe umetoka juzi saa tisa alasiri, kutoka chumba changu cha kompyuta, si mahali pengine. Kompyuta haidanganyi, mama. Hawa watoto ndio wanaodanganya."

Mektrida alifungua mdomo, lakini aliyesema alikuwa Khyati.

"Juzi saa tisa?"

"Saa tisa kamili."

Khyati aliinuka polepole. "Juzi saa tisa tulikuwa Kahe. Mektrida alikuwa ameushika mkono wangu, ananivuta kutoka kwenye matope. Kundi zima lilituona tukianguka. Hakuwepo kwenye chumba chako, Bwana Ebenezeri. Alikuwa na mimi." Akamgeukia Mektrida, machozi yakimlengalenga. "Na mimi jana sikukupa hata dakika moja. Nisamehe."

Bwana Ebenezeri alitazama viatu vyake.

"Mektrida," alisema Mama Theodora, "nani mwingine anajua neno lako la siri?"

Mektrida alisita. Kumtaja mtu ni jambo zito, na yeye ndiye aliyekuwa ametajwa bila ushahidi. "Anayelijua ni Jovin, mama, kwa sababu ndiye aliyeniwekea. Sisemi kwamba ndiye aliyetuma. Aitwe aulizwe, kama mimi nilivyostahili kuulizwa."

Jovin aliitwa. Kwanza alikana. Mama Theodora akamwuliza juzi saa tisa alikuwa wapi, akasema bwenini. Hapo Bwana Ebenezeri akakohoa, akakiri kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe alimwona Jovin siku hiyo kwenye kompyuta ya dirishani, na hakuona sababu ya kulisema. Jovin alikaa kitako, mabega yakashuka.

"Ulikuwa utani tu," alisema. "Nilikasirika kushindwa kura. Sikujua ingefika huku."

"Utani?" Mektrida alishindwa kujizuia. "Umemtukana Khyati, ukajificha nyuma yangu! Kwa nini jina langu, Jovin? Kwa nini si lako?"

Jovin hakuinua macho. "Nilijua hutagundua. Nilijua... kompyuta huzijui."

Maneno hayo yalimchoma Mektrida kuliko ujumbe wenyewe. "Kutokujua kompyuta si ujinga," alisema. "Nilikuwa najifunza. Na nilikuja mara mbili kwa Bwana Ebenezeri kuomba nifundishwe kubadilisha hilo neno. Mara ya kwanza aliniambia inatosha. Mara ya pili alinifukuza mbele ya watu. Leo ndiye anayesema kompyuta haidanganyi!"

Mama Theodora alimgeukia msimamizi. "Ni kweli, Ebenezeri?"

"Ni kweli, mama," alijibu. "Wanafunzi walikuwa wengi... Hapana. Sina sababu ya kutosha. Alikuja, sikumsaidia."

Jumatatu iliyofuata wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza walikusanywa ukumbini. Jovin alisimama mbele yao, akasema kwa kinywa chake alichokifanya, akawaomba radhi Khyati na Mektrida. Alisimamishwa masomo muhula mzima. Bwana Ebenezeri naye alipanda jukwaani. Alisema kwamba Mektrida alimwendea mapema na yeye akapuuza, na kwamba alimlaumu bila kuchunguza. Haikuwa rahisi kwake, jasho lilimtoka, lakini alisema.

Kisha Mama Theodora akashika zamu.

"Wanangu," alisema, "neno la siri ni ufunguo wa nyumba. Usimpe rafiki, usimpe ndugu, wala usikubali mtu akuchagulie, hata akikuchekea. Mwenye ufunguo wako anaweza kuingia kwako na kutoka akiwa amevaa uso wako. Na usipojua jambo, uliza; ukifukuzwa, njoo kwangu, usikae kimya kwa aibu. Aibu si yako, ni ya aliyekufukuza. Sasa nawageukia ninyi mliohama mabenchi. Mliamini upesi mno. Mashine inaonyesha jina, haionyeshi mkono ulioandika. Kabla hujamhukumu mwenzako, mwulize, umsikilize, kisha utafute ukweli. Wote tungefanya hivyo tangu mwanzo, asingelia mtu."

Wale wasichana wawili walirudi benchini kwa Mektrida, wakamsalimia kwa sauti za upole. Aliwaitikia. Lakini hasira haikuisha siku hiyo, wala wiki hiyo, na hakujilazimisha iishe.

Alasiri ya Jumatatu hiyo Bwana Ebenezeri alifungua chumba chake kwa watu wachache wachache, akapita kwa kila mmoja, akieleza polepole na kurudia panapohitajika. Alipofika kwa Mektrida alimwonyesha mahali pa kubonyeza, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Hapo chagua wewe mwenyewe," alisema. "Hata mimi nisilijue."

Khyati alikuwa ameketi kwenye kompyuta ya pili. Bila kuambiwa na mtu, aligeuza kiti chake, akatazama nje, kilele cha Kibo kilikokuwa kimejitokeza mawinguni. Mektrida akainamia kibodi, akaanza kuandika kwa kidole kimoja kimoja, bila haraka.