Sahani ya Kwanza

Sahani ya mgeni wa meza ya pembeni ilirudi jikoni ikiwa imejaa, ilhali Mama Chiriku alikuwa amemwona akila. Alimwona akiinua kijiko, akitafuna, akimeza, kisha akijifuta midomo kwa kitambaa. Hata hivyo wali ulikuwa palepale kama ulivyopakuliwa, na mchuzi wa kijani wa nazi umeuzunguka bila kuvurugwa. Aliinamia sahani akanusa. Hapakuwa na mchaichai, wala mrehani, wala nazi. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

"Amekataa chakula?" mumewe, mpishi, aliuliza bila kugeuka kutoka kwenye karai.

"Amekula."

"Amekula nini sasa, na sahani imejaa?"

Mama Chiriku alimwaga chakula, akaosha sahani, akarudi ukumbini, kwa kuwa wateja wa mchana hawangoji mtu atafakari.

Mgahawa ule wa Kithai ulikuwa wa familia kwa kila hali. Mama mkwe, ambaye wateja wote walimwita Bibi, aliuanzisha alipohama kwao na karai moja na mbegu za mrehani alizozifunga kwenye leso. Mwanawe alipika, mke wa mwanawe alihudumia meza, na mjukuu, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alizunguka akiwahoji wateja kwa nini wamebakiza mboga. Kazi ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulianza na sahani ya kwanza. Chungu cha wali kilipofunuliwa, sahani ya kwanza haikuliwa na mtu. Bibi aliipeleka kwenye kijumba cha mbao kilichokaa juu ya rafu kando ya mlango, akaiweka pamoja na glasi ya maji, akainamisha kichwa. "Ni ya mwenye mahali," alikuwa akisema. "Sisi ni wapangaji wake." Baada ya hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

Asubuhi ya siku ile Bibi alikwenda kutibiwa goti, akamwachia mkamwana wake kazi hiyo. Mama Chiriku alikuwa ameibeba sahani, anakaribia rafu, alipomkuta mtu amesimama katikati ya ukumbi. Alidhani mumewe ndiye aliyefungua mlango. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, lakini koti la kijivu la mtu yule lilikuwa kavu.

"Mama, nina njaa," alisema kwa sauti ya upole. "Sitaki kukusumbua kwa kuagiza. Nipe hicho ulichoshika."

Wali ni wali, Mama Chiriku alijiambia. Ya rafuni ataipakua nyingine. Akavuta kiti cha pembeni, akaweka sahani mezani, akasema maneno aliyoyasema kila siku kwa kila mtu: "Karibu, keti ule." Kisha akarudi jikoni, akapakua ya pili, akaipandisha rafuni. Sahani ile ya kwanza ndiyo iliyorudi imejaa.

Kesho yake mgeni alikuwa kitini kabla komeo la mlango halijafunguliwa.

Mwanzoni harufu ilipotea mezani kwake tu. Kisha ikapotea meza ya jirani, alipozoea kukaa fundi saa, mteja wa miaka mingi. "Shemeji," fundi saa alimwita Mama Chiriku, akikoroga bakuli lake la supu, "leo mmeipika hii au mmeichora?" Watu walicheka, naye akacheka pia, lakini hakumaliza supu, na juma lililofuata hakuja. Mpishi aliongeza pilipili, akaongeza ndimu, akaponda mchaichai hadi viganja vikachubuka, na bado mvuke uliopanda kutoka karai lake ulikuwa mvuke wa maji matupu. Siku moja alivua aproni, akaenda kumfukuza yule mtu. Mkewe alimwona akifika mezani kwa hasira, akisimama, akikunja uso kama aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Nilikuja kuchukua nini hapa?" akauliza, akarudi jikoni.

Halafu Chiriku akaacha kula.

"Ni udongo, mama," alilalamika, akisukuma kijiko. Walimpa uji, ukawa udongo, walimpa ndizi, ikawa udongo, maziwa akayatema. Daktari alimpima damu, akampima choo, akamsikiliza tumbo, akasema haoni ugonjwa. Mtoto aliyekuwa hafungi mdomo sasa alilala kwenye benchi la jikoni mchana kutwa, mikono yake imekuwa myembamba kama vijiti vya kulia tambi, na kila mgeni yule alipopeleka kijiko kinywani kule ukumbini, koo la mtoto lilicheza, likameza, halikumeza kitu.

Mama Chiriku alimleta mganga. Akaja na chetezo, akatia ubani juu ya makaa, na moshi ukapanda mweupe, mzito, ukajaa ukumbi mzima, bila harufu yoyote. Mganga aliuvuta puani mara ya kwanza, akauvuta tena, kisha akatazama pembeni, pale mgeni alipokuwa akijifuta midomo kwa kitambaa. Alifungasha vitu vyake, akatoka na chetezo kingali kinawaka.

Bibi ndiye aliyegundua. Alipanda kigoda kufuta vumbi rafuni, akatoa sauti ndogo ya kushtuka.

"Njoo uone, mwanangu."

Sisimizi walikuwa wameujaa wali wa ndani ya kijumba.

"Tangu nifungue mgahawa huu hawajawahi kupanda hapa," Bibi alinong'ona. "Walikuwa wanamwogopa. Hayumo tena. Ameshuka." Alimgeukia mkamwana wake taratibu. "Siku ile ya goti langu, sahani ya kwanza uliiweka wapi?"

Mama Chiriku alifungua kinywa, akanyoosha kidole pembeni.

Bibi alishuka kwenye kigoda akimshikilia begani. "Ulimwambia akae?"

"Nilimwambia karibu, mama. Nilimwambia keti ule."

"Basi usiende karibu yake. Nitafute namna. Niachie mimi nitafute namna."

Lakini kutoka jikoni ilisikika pumzi ya Chiriku, fupi, kavu, yenye mkwaruzo, na Mama Chiriku hakuwa na muda wa kungojea namna. Alivuka ukumbi uliojaa mwanga wa adhuhuri, akapita meza ambazo zamani ziligombewa na sasa zilikuwa tupu, akasimama mbele ya mgeni, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba mtu yule hakuwa na harufu ya mwili, ya nguo, wala ya mvua, na kwamba hewa yenyewe iliyomzunguka ilikuwa kama imelambwa.

"Mwachilie mwanangu," alisema. "Nakuomba. Rudi kwako."

"Kwangu ni wapi?" mgeni alijibu, bado mpole. "Pale juu nilipewa mvuke wa sahani moja, nikatosheka, kwa kuwa sikuwa na tumbo. Wewe ulinipa kiti. Anayekalishwa kitini huota tumbo, mama. Nikala harufu za chakula chenu, zikaisha. Sasa nakula hamu ya kula. Nimeonja ya fundi saa, nimeonja ya mumeo. Ya mtoto ndiyo tamu kuliko zote."

"Nifanye nini uondoke?"

"Mimi hata sasa ningeondoka. Nimechoka na tumbo hili. Ila kiti kilichokaribishwa hakibaki kitupu."

Nyuma yake Bibi alipiga ukelele: "Mwanangu, usikae! Usikae hapo!" na mpishi alichomoka jikoni amempakata mtoto, kichwa cha mtoto kimeanguka mkononi mwake kama kitambaa kilicholowa, na Mama Chiriku alikitazama kichwa kile, akayatazama macho yaliyofunguka nusu bila kumwona, akageuka, na mgeni alipoinuka kumpisha kwa adabu kama watu wapishanavyo mlangoni, akaketi.

Koti la kijivu halikupita mlangoni. Rafuni, maji yaliyokuwa ndani ya glasi yalitikisika, na sisimizi wakaanza kushuka ukutani, mmoja nyuma ya mwingine, kwa haraka.

"Nina njaa," alisema Chiriku.

Mpishi alipiga magoti palepale sakafuni, akilia na kucheka. Bibi alikimbia na goti lake bovu, akaleta bakuli la wali, na mtoto akala kwa mikono miwili, punje zikimgandia mashavuni, akaomba tena, akaletewa tena. "Polepole, Chiriku, utapaliwa!" baba yake alisema. "Mbona hiki kidogo?" mtoto akajibu, na sauti yake ya zamani ikaujaza ukumbi.

Mama Chiriku alitabasamu kutoka kitini. Hakuna kilichomshika, miguu ilikuwa yake, mikono ilikuwa yake. Alihisi tu kwamba ndani yake pamechimbika, na panaendelea kuchimbika. Alivuta pumzi. Karai lilikuwa linaungua jikoni, na hakulisikia kwa pua. Mrehani ulikuwa umesimama chupani mezani, na hakuusikia. Katika mgahawa mzima palibaki harufu moja tu, tamu, ya joto, inayomjia kwa hatua ndogo ndogo kutoka upande wa pili.

Chiriku alikuwa amejaza kijiko, amekikinga kwa kiganja kisimwagike, anakileta.

"Onja, mama. Siyo udongo tena."

Mate yalimjaa Mama Chiriku kinywani. Alishika kingo za meza kwa mikono yote miwili.

"Mama," alimwambia Bibi kwa sauti ya upole ambayo hakuijua, "mwondoe mtoto humu ndani. Mpelekeni mbali, na msimrudishe. Fanyeni upesi, nawaomba. Nina njaa."